Kiti cha Kushoto

Jumatano asubuhi, kabla hata ya chai, Fundi Saa alimwomba mkewe futi ya kupimia nguo, akaingia nayo kwenye banda la gari na kuanza kupima kuta. Alipima urefu, akapima upana, akaandika tarakimu kwenye kiganja kwa kalamu ya wino, kisha akapima upana mara ya pili, kana kwamba banda lingeweza kunenepa akigeuza mgongo. Mkewe alikuwa amekaa kwenye cherehani katikati ya banda hilohilo. Ilibidi ainue miguu ili futi ipite.

"Unapima nini, Mzee?"

"Napima tu. Nataka kujua tuna nafasi kiasi gani."

"Tuna nafasi ya cherehani mbili, meza ya kukatia, kabati la vitambaa na Mama Vifungo."

Mama Vifungo, ambaye kazi yake ilikuwa ndiyo jina lake, alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango, mdomoni ana sindano. Fundi Saa alimwomba asogee kidogo. Akasogea. Akamwomba asogee tena. Alipofika nje uani, Fundi Saa alishukuru, akaandika tarakimu ya mwisho na kurudisha futi ikiwa imekunjwa vizuri.

Mkewe, mshonaji, hakuuliza zaidi. Alikuwa kwenye kazi hiyo mwaka wa thelathini sasa, na alijua kwamba mtu hapimi mwili mpaka awe na nguo kichwani.

"Anataka kuleta gari," alisema Mama Vifungo kutoka uani.

"Najua."

"Na sisi tutakwenda wapi?"

"Endelea na vifungo, shoga yangu."

Kulikuwa na sare mia moja na arobaini za chuo cha wauguzi, na zilitakiwa mwisho wa mwezi. Ilikuwa oda kubwa kuliko zote alizowahi kupata.

Zamani banda hilo lilikuwa na gari kweli. Lilikuwa gari la spoti la kizamani, jekundu, la viti viwili, lenye pua ndefu na umri uliokaribiana na wa mwenyewe. Fundi Saa alilipata likiwa gofu, akalitengeneza kwa miaka kumi na moja, na kila Jumapili aliliosha hata kama wiki nzima halikutoka. Kisha mkewe akapata mtoto wa jicho, macho yote mawili, akawa anatia uzi kwenye sindano kwa kupapasa. Daktari akataja gharama ya upasuaji. Baada ya wiki mbili gari likaondoka na macho yakarudi. Majirani walisema Fundi Saa ameuza gari akabaki na taa. Walicheka, na mshonaji naye akacheka nao, maana angefanyaje.

Miaka mitatu ilikuwa imepita, na Fundi Saa hakulitaja gari lile hata siku moja. Hapo ndipo palipokuwa na tabu. Angelitaja, angalau wangegombana yakaisha. Yeye, gari la aina ile likipita barabarani, aligeuka akatazama ukuta mpaka mlio uishe. Alifanya hivyo kwa adabu kubwa, ili mkewe asione. Mkewe, ambaye sasa aliweza kusoma maandishi ya kwenye chupa za dawa bila miwani, aliona kila mara.

Jumatano hiyo, wakati wa chakula cha mchana, ndipo Fundi Saa alipofungua kinywa.

"Kuna gari," alisema, akiangalia sahani.

"La nani?"

"La daktari wa meno. Aliniletea saa yake, akanionyesha picha. Analiuza."

"Kama lile?"

"Aina moja na lile. Lakini hili ni jingine, Mama. Ni jeupe. Na ni zuri kuliko lile." Alitafuna, akameza. "Lile lilikuwa linachemsha. Lilikuwa linavuja mafuta. Gia ya tatu ilikuwa haikubali. Kusema kweli lile lilikuwa takataka."

Mshonaji aliacha kula. Katika miaka kumi na moja hakuwahi kumsikia mumewe akisema neno baya juu ya gari lile. Alikuwa amemsikia akisema maneno mabaya juu ya ndugu zake, juu ya majirani na juu ya serikali, lakini si juu ya gari.

"Pesa?"

"Za mnara."

Kwa miezi saba Fundi Saa alikuwa akipanda ngazi za mnara wa soko kutengeneza saa kubwa, iliyokuwa imesimama tangu wengi wa wachuuzi hawajazaliwa. Sasa ilikuwa inatembea, na malipo yalikuwa yametoka kwa mkupuo. Zilikuwa pesa zake, za jasho lake, na mkewe hakuwa na la kusema juu yake.

"Sebule ni kubwa," aliendelea Fundi Saa. "Nimepima. Cherehani moja inakaa dirishani, nyingine kwenye korido. Meza ya kukatia inaweza kukunjwa ikiwekwa bawaba."

"Na Mama Vifungo?"

Fundi Saa alitazama kiganja chake. Inaelekea Mama Vifungo hakuwamo kwenye hesabu.

"Twende Jumamosi tukalione," alisema. "Kuona si kununua."

"Twende," alisema mkewe. Alitaka kutoa neno hapana. Angelitoaje? Alikuwa anamtazama kwa macho aliyonunuliwa.

*

Alhamisi akaja wifi yake, dada mkubwa wa Fundi Saa, kupunguziwa gauni. Alikuwa mwanamke mrefu anayeingia nyumbani kwa watu kama mkaguzi. Alisimama kwenye kiti kidogo, mikono ameipanua, na mshonaji akazunguka chini akibana pindo kwa pini.

"Nasikia kaka yangu kapata gari."

"Ameona picha tu, wifi."

"Anastahili." Wifi alitazama juu, ambako kulikuwa na dari tu. "Mtu aliyejinyima vile. Gari zima, wifi. Mimi nilimwambia, hata macho ya mzee mmoja wa kanisani kwetu yalipona kwa matone. Akasema hapana, anauza. Wewe unaona vizuri lakini?"

"Naona, wifi."

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

"Basi afadhali. Ingekuwa hasara." Akageuka robo mzunguko, kama alivyoelekezwa. "Kwa hiyo banda utamrudishia."

Mshonaji alikuwa na pini nne mdomoni, na alizishukuru. Mama Vifungo, mlangoni, alikata uzi kwa meno kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Wifi alipoondoka, Mama Vifungo alisema, "Mwambie mumeo ukweli. Mwambie hulitaki."

"Mtu ameuza kitu chake kwa ajili yangu, halafu nimwambie asinunue kingine?"

"Basi utashona sare za wauguzi kwenye korido, na mimi nitatia vifungo chooni."

Mshonaji alirudi kwenye cherehani. Alikasirika, na hakujua amkasirikie nani. Wifi hakuwa amesema uongo, ukiondoa yale matone.

*

Jumamosi walikwenda. Daktari wa meno alikuwa kijana mwenye kitambi kichanga na nyumba yenye uwanja wa saruji. Aliwaamkia kwa heshima, akawaambia wasijali mbwa, kisha akavuta turubai kwa mkono mmoja kama mtu aliyelifanyia mazoezi jambo hilo.

Gari lilikuwa jeupe. Kweli lilikuwa la aina ileile, pua ndefu, viti viwili, lakini ndani ya boneti kulikuwa na injini ya pikapu, kubwa na safi, na usukani ulikuwa mpya, mdogo, wa spoti. Daktari alipiga honi. Ililia kama ya pikipiki.

"Nimebadilisha karibu kila kitu," alisema kwa fahari. "Aliyeniuzia naye alikuwa kalinunua kwa mtu mwingine. Wazee walikuwa wamelichosha. Mama, karibu uketi uone. Ila mlango wa kushoto unasumbua, subiri nije nikufun..."

Hakumaliza, kwa sababu Fundi Saa alikuwa ameshika kitasa, akakiinua kidogo, akausukuma mlango kwa nyonga ya kulia, kisha akauvuta. Ukafunguka bila kelele.

Daktari alimtazama. "Mimi huo mlango ulinichukua mwezi mzima, mzee wangu. Umejuaje?"

"Milango ya aina hii yote iko hivyo," alisema Fundi Saa, na akaenda haraka kutazama injini.

Mshonaji alibaki amesimama. Ile nyonga aliijua. Kwa miaka kumi na moja aliiona ikimfungulia mlango kila walipotoka, na kila mara mumewe alisema Jumapili atautengeneza. Kiti cha kushoto kilikuwa kimefunikwa taulo. Aliinama, akalitoa.

Kilikuwa kiti cheusi cha ngozi bandia. Mshono wa mgongo ulianza juu vizuri, ukashuka kiasi cha shubiri moja, halafu ukaanza kwenda kulia taratibu, kama mtu aliyemwona rafiki ng'ambo ya barabara. Chini ulikuwa umeshagundua kosa na kurudi kwa haraka, kwa mishono mirefu ya wasiwasi. Na uzi wake ulikuwa wa kijani.

Alikishona yeye. Ilikuwa kazi yake ya mwisho kabla ya upasuaji, wakati ambapo dunia nzima ilikuwa imefunikwa chandarua. Alikumbuka alivyomwita mumewe na kumwonyesha. Alimuuliza, huu uzi ni mweusi? Mumewe akasema ni mweusi. Akamuuliza, na mshono, umenyooka? Mumewe akasema umenyooka kama rula. Yeye akafurahi, akasema kumbe mikono bado inaona. Miezi miwili baadaye gari likauzwa, na mshono huo hakuwahi kuuona mpaka leo.

Aliona aibu kwanza, aibu ya fundi. Alitamani kurudisha taulo.

"Hiyo siti usiitazame, mama," alisema daktari, akija nyuma yake. "Ndiyo maana nimeifunika. Viti vyote viwili nabadilisha, fundi anakuja Jumanne na ngozi halisi. Sijui nani alishona ile. Nadhani alikuwa amelewa."

"Hakuwa amelewa," alisema Fundi Saa kutoka ndani ya boneti.

Kichwa cha Fundi Saa hakikuinuka. Alionekana amevutiwa sana na betri.

"Ulimjua?" aliuliza mkewe.

"Nasema tu. Mlevi hawezi kumaliza mshono mrefu hivyo."

Mshonaji aliingia garini, akaketi kwenye kiti kile, akaufunga mlango. "Daktari," alisema dirishani, "samahani, mwanangu. Tungepata maji ya kunywa?"

Daktari alikuwa mtu wa adabu, akaenda. Fundi Saa alishusha boneti, akazunguka, akaketi nyuma ya usukani. Wote wawili walitazama mbele. Mbele kulikuwa na ukuta na bomba la maji.

"Umelijua tangu lini?"

"Tangu picha ya kwanza. Kulikuwa na kipande cha mshono kinaonekana."

"Na ukaniambia ni jingine. Ukalitukana."

"Ilikuwa kazi ngumu," alisema Fundi Saa. "Gia ya tatu haikuwa na tatizo lolote."

"Kwa nini?"

Fundi Saa aliushika usukani mdogo, akauacha. Mikono yake ilikuwa imezoea ule mkubwa. "Mtu akinunua gari jingine, amenunua gari tu. Akinunua lilelile aliloliuza, maana yake anajuta kuliuza. Na wewe unajua liliuzwa kwa nini. Nisingeweza kukuletea kitu kama hicho kikae bandani, ukione kila siku."

"Unajuta?"

Mume mwingine angesema hapana papo hapo, na mke angejua ni uongo, na wangerudi nyumbani. Fundi Saa alikuwa mtu wa saa, hakuwa na haraka.

"Jumapili," alisema. "Jumapili, kuanzia kama saa nne hivi mpaka mchana. Siku nyingine sijuti."

Mshonaji aliitikia kwa kichwa. Jibu hilo lilimuuma, na bado lilimpa nafuu kuliko kimya cha miaka mitatu. Na kwa kuwa mwenzake ameshatoa lake, akaona si haki yeye kubaki na lake.

"Na mimi nilifurahi," alisema.

"Ulifurahi nini?"

"Lilipoondoka. Si macho, Mzee, macho yalikuwa bado hayajapasuliwa. Nilifurahi kwa sababu banda limekuwa tupu. Wewe uko kitandani umegeukia ukuta, mimi nawaza cherehani itakaa wapi. Nimelitaka banda lile tangu tuhamie. Nalitaka hata sasa. Nikikwambia hapana utasema sina shukrani, na utakuwa umesema kweli."

"Najua," alisema Fundi Saa.

"Unajua nini?"

"Nilikusikia. Ulikwenda ukipapasa ukuta, ukapima kwa hatua. Ulipima mara mbili."

Mshonaji akainamisha uso. Miaka mitatu alikuwa ameificha furaha ile, akiamini hakuna aliyeijua. Machozi yalikuja, akayaacha, kwani daktari wa macho alisema hayana madhara.

"Injini si ile," alisema Fundi Saa baada ya muda, kama anayeongea na bomba la maji. "Usukani si ule. Rangi si ile. Honi, ndiyo hiyo umeisikia."

"Mlango ni ule."

"Mlango ule ulikuwa unanikera."

Daktari wa meno alirudi na glasi mbili juu ya sinia. Fundi Saa alikunywa yake yote, akarudisha glasi.

"Hivi viti vya zamani," aliuliza, "fundi akishavitoa, unavipeleka wapi?"

"Navitupa, mzee. Vya nini?"

"Ningechukua cha kushoto."

"Na gari?"

"Gari ni zuri sana. Limeshakuwa lako."

Daktari alicheka, akadhani ni mbinu ya kupunguza bei. Alipunguza. Akapunguza tena. Alipoelewa kwamba mteja ametoka kwake na nia ya gari na anaondoka na nia ya kiti, alisema basi achukue bure, kisha akaiona pochi ikitoka mfukoni na kumbukumbu ikamrudia.

"Ingawa, unajua, siti hizi ni za asili. Hazipatikani siku hizi."

"Daktari," alisema mshonaji, akiwa amekwisha kufuta uso, "wewe mwenyewe umesema alishona mlevi."

Walikubaliana bei ya mlevi. Kukifungua kile kiti kulichukua saa nzima, kwa kuwa boliti moja ilikuwa imeshika kutu, na Fundi Saa ndiye aliyejua ni ipi.

*

Kiti kilifika nyumbani juu ya mkokoteni wa kukodi, mchana kweupe, kikiwa kimekaa wima kama bwana harusi. Mtaa mzima ulikiona. Jirani wa kwanza aliuliza lini litafuata lililobaki. Wa pili alisema Fundi Saa ameanza kununua gari kwa awamu. Fundi Saa aliwaitikia wote salamu zao, maana zilikuwa ndani ya maneno yao mahali fulani, akaingia uani.

Seremala alikitengenezea miguu ya mbao. Kikawekwa bandani, kati ya kabati la vitambaa na kigoda cha Mama Vifungo, mahali pa wateja kusubiri. Mama Vifungo alikijaribu, akavuta wenzo wa pembeni, akajikuta amelala chali na sindano mkononi. Alisema kama ndilo gari lenyewe, basi yeye hana pingamizi nalo. Sare mia moja na arobaini zilitoka siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Pesa za mnara zilibaki benki, na Jumapili, kuanzia saa nne, Fundi Saa alikuja na ndoo na kitambaa, akakifuta kiti mbele na nyuma, taratibu, mpaka karibu na mchana. Mkewe alimwacha. Saa hizo hakumwongelesha.

Wifi alikuja kuchukua gauni lake Jumapili mojawapo, moja kwa moja kutoka ibadani. Fundi Saa alikuwa amekwisha kufuta na amekaa kwenye ukingo wa meza ya kukatia, kioo cha kukuzia jichoni, anatia springi kwenye saa ya mkononi. Wifi alikizunguka kile kiti mara moja, kama anayekitafutia kosa.

"Ndicho hiki nilichoambiwa? Mtu anakwenda kununua gari anarudi na kiti?"

"Karibu ukae, dada," alisema Fundi Saa.

Hakukaa. Aliinama, akapitisha kidole kwenye mshono, kuanzia juu. Kidole kikashuka, kikaenda kulia, kikarudi. Mshonaji alisimamisha cherehani.

"Huu mshono nani kaupindisha hivi?"

"Umenyooka kama rula," alisema Fundi Saa, bila kuinua kichwa.

"Umenyooka? Na uzi je? Kiti cheusi, uzi wa kijani?"

"Ni mweusi huo, dada."

Wifi alimtazama kaka yake, mtu aliyekuwa na kioo cha kukuzia jichoni, anayeweza kuona vumbi kwenye meno ya gurudumu la saa. Kisha akamgeukia wifi yake, yule aliyeponywa, ili atoe ushahidi.

Mshonaji aliutazama uzi ule kwa macho yote mawili. Ulikuwa wa kijani kama majani.

"Ni mweusi, wifi," alisema, na akaendelea kushona.